Salamu ya Maskauti

Mwanarusi aliacha wasia mmoja tu: akifa, Chiku awe miongoni mwa watakaomwosha. Watu wa Shimoni walishangaa, maana Chiku wa Msambweni alikuwa hataki hata kusikia jina la Mwanarusi likitajwa mbele yake.

Lakini aliitwa, na akaja. Njia nzima alikuwa akilia.

Hawa wawili ndio waliokula kiapo cha kwanza cha skauti wa kike kule Msambweni, wangali wasichana wa shule. Wazazi walikubali sare, wakakubali hata kambi. Kilichowashinda ni salamu. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto, na Pwani nani humpa mtu mkono wa kushoto? Wasichana wakatolewa mmoja mmoja, mpaka wakabaki hawa tu. Nyumbani walitandikwa, na kesho yake wakapeana mkono uleule. Kikundi kilisimama kwa ukaidi wao.

Kisha Mwanarusi akaolewa Shimoni, wakapoteana miaka mingi.

Walikuja kuonana Ukunda, kikundi kilipofanyiwa sherehe. Chiku, skafu shingoni, alimnyooshea mkono wa kushoto mbele ya wasichana wote. Mwanarusi, kajifunika buibui gubigubi, akatoa wa kulia.

"Pokea huu, Chiku. Salamu ni salamu."

Chiku hakuupokea. Alimwambia mbele za watu kwamba ndoa imemsahaulisha kiapo, kisha akampa kisogo. Mwanarusi aliondoka hata pilau haijapakuliwa. Na Chiku naye, jamani, ukimkosea mara moja basi. Aliliweka moyoni mpaka alipoletewa habari ya msiba.

Sasa alitaka jambo moja: kumpa mwenziwe salamu yao na kumtaka radhi kabla hajazikwa. Lau angeupokea ule wa kulia, ingemgharimu nini?

Wanawake walianza upande wa kulia, kama ilivyo ada. Chiku alimimina maji taratibu, akinong'ona, "Nisamehe, dada yangu. Nisamehe." Walipofika upande wa kushoto aliwaomba wenzake wamngojee kidogo, akapenyeza mkono chini ya shuka kuutafuta wa mwenziwe.

Alipapasa kutoka begani, akashuka. Mkono uliishia kwenye kiwiko, na kovu lake lilikuwa la zamani sana.