Aliyekuwa na Ufunguo wa Pili

Mke wake alitoweka siku ileile mashine ilipoletwa.

Wabebaji waliisukuma hadi ukutani, wakajifuta jasho, wakaondoka. Yeye alipiga magoti kutafuta pa kuchomeka waya. Taa ya ndani ilipowaka na kumulika zile springi za kushikilia pakiti, aligeuka kumwonyesha mkewe. Mkewe hakuwepo. Palikuwa na msafishaji tu, mwanamke mtu mzima aliyesimama na kitambaa cha vumbi mkononi.

Alimwita mkewe, akatoka hadi mlangoni, akarudi.

Ilikuwa mashine yao ya kwanza ya vitafunio. Mkewe ndiye aliyechagua iwekwe kwenye korido ya zahanati, kwa sababu anayesubiri daktari huumwa pia na njaa. Cherehani yake iliuzwa ili mashine inunuliwe. "Tukipotezana hapa mjini," alikuwa akitania, "usihangaike kunitafuta. Ningoje kwenye mashine."

Basi akangoja. Kila asubuhi alifungua mlango wa kioo, akavuta katoni kutoka chini ya benchi, akazipanga biskuti, karanga na krispi, kila pakiti uso ukitazama kioo, kama mkewe alivyotaka. Foleni ya wagonjwa haikuonekana siku hizo. Pengine watu walikuwa na afya njema.

Hata hivyo, kila asubuhi aliikuta mashine tupu.

Mwanzoni alifurahi. Kisha akafungua kisanduku cha sarafu, nacho kilikuwa kitupu pia.

Mlango haukuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili tu: wake, uliokuwa mfukoni, na wa mkewe, ambao hakuuvua shingoni hata wakati wa kuoga. Mwenye kuiba biskuti hizi alikuwa na ufunguo wa mkewe. Aliupataje?

Alimfuata mlinzi, mwanamume mwenye mvi chache aliyekuwa na tabia ya kutembea peku kazini.

"Kuna mwizi humu," alimnong'oneza.

"Mwizi wa biskuti, mzee?"

"Mzee ni babu yako."

Mlinzi alitaka kucheka, kicheko kikakwama. "Haya, kaka mkubwa. Njoo ule kwanza, chakula kinapoa."

"Nile vipi, na mke wangu hajulikani alipo? Umeuliza polisi?"

Mlinzi aliangalia vidole vya miguu yake. "Nitauliza."

Hata huyu hakuaminika, aliwaza. Huenda walikuwa kitu kimoja.

Ndipo alipoanza kumchunguza msafishaji. Alivaa sweta la kijani la mkewe. Lilelile, vifungo vilevile, ila viwiko vimechakaa kana kwamba limevaliwa miaka na miaka. Alipofuta kioo cha mashine alikipulizia pumzi kwanza, kisha akakisugua kwa kiwiko. Mkewe ndiye aliyefuta vioo kwa namna hiyo. Huyu mtu amemsoma mpaka viwiko, aliwaza.

"Dada, sweta hilo umelitoa wapi?"

"Nilipewa zawadi."

"Na nani?"

Msafishaji aliinua ndoo yake akaondoka haraka, maji yakimwagika njiani.

Mkewe hakuwa mtu wa kugawa sweta. Angekimbia, lakini akikimbia, mkewe atakaporudi kwenye mashine atamkuta nani?

Siku ile baada ya chakula cha mchana alijilaza kwenye benchi, akafunika uso kwa kofia, akajifanya anakoroma. Kupitia tundu la kofia aliona sweta la kijani likija. Safari hii bila ndoo.

Msafishaji alisimama akimsikiliza anavyopumua. Kisha akaingiza vidole kwenye ukosi wake, akatoa ufunguo uliofungwa kwa uzi mwekundu. Uzi huo aliufunga yeye mwenyewe kwa mikono yake, shingoni mwa mkewe.

Mlango wa kioo ulifunguka. Mwanamke alitoa pakiti safu baada ya safu, bila haraka, akizilaza kwenye katoni. Hakuonja hata moja. Hakutazama hata kisanduku cha sarafu. Hilo lilimtisha kuliko wizi.

Aliruka kutoka kwenye benchi akamshika kifundo cha mkono, akabana kwa nguvu zake zote.

"Umemfanya nini mke wangu?"

"Unaniumiza."

"Umemuua?" Sauti ilimpasuka. "Mashine chukua. Biskuti chukua zote. Sitamwambia mtu. Nirudishie yeye tu!"

Mwanamke hakupiga kelele. Macho yake yalijaa machozi, lakini alizungumza polepole, kama anayembembeleza mtoto aliyeota vibaya.

"Yu hai. Mzima kabisa. Amesema umngoje hapahapa."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Lala kidogo, akija nitakuamsha."

Vidole vyake vililegea kimoja kimoja. Aliketi, akaegemea ukuta, akajikaza asisinzie. Usingizi ulimchukua hata hivyo.

Mlinzi alikuja akinyata, akauinua mkono wa mwanamke kwenye mwanga wa dirisha. Alama za vidole zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

"Mama," alisema, "baba atakuja kukuvunja mkono. Tuiuze hii mashine."

"Tukiiuza, asubuhi ataamka afanye nini?"

Akatoa pakiti zilizobaki, akaisukuma katoni chini ya benchi.

Mashine, iliyotoka zahanati zamani, bado iko sebuleni kwao, kati ya kabati la vyombo na mlango wa chumba cha kulala, na kila asubuhi mumewe anaikuta tupu.