Somo la Chapati

Sheria ilikataza mwalimu asiyefuzu kutumia mbinu shirikishi, yaani kufundisha kwa vitendo, kumfundisha mtu yeyote, popote. Mwalimu Mwanaidi alikuwa bado mafunzoni. Jioni moja, binti yake Zuhura alikwama kwenye hesabu za sehemu, mama akakata chapati vipande vinne vilivyo sawa.

"Kula kimoja. Sasa zimebaki robo tatu, umeona?"

Kishikwambi chake cha mafunzo, kilichokuwa mezani, kikawaka: *Somo lisiloidhinishwa. Mtihani wako wa kufuzu umeahirishwa.*

"Nimkatie mwanangu chapati kwa kibali cha nani?" Mwanaidi alifoka.

"Mama, nyamaza, watakufungia kabisa."

Zuhura alikivuta kishikwambi, akakiuliza robo tatu ni nini. Kikamweleza polepole, kwa upole, kwa sauti ya mama yake iliyorekodiwa mafunzoni.