Mtihani wa Soko la Ajira

Vitabu vya karatasi vilipigwa marufuku. Masomo yote yalikuwa mtandaoni, yakibadilishwa kila asubuhi. Atupele na mumewe Lusajo, wafanyakazi wa kiwandani, walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa soko la ajira. Kishkwambi chao cha masomo kilisema mgomo hushusha mishahara. Kitabu alichokificha Atupele kwenye pipa la unga kilisema huweza kuipandisha.

Adhuhuri askari wawili walivunja mlango. Walimkandamiza Atupele kichwa mezani, wakamponda vidole kwa rungu, kimoja kimoja, kisha wakaondoka na kitabu.

"Nani kawaambia?" Atupele alilia, Lusajo akimfunga bendeji.

"Somo la leo liliniuliza kama tuna kitabu nyumbani," Lusajo alijibu. "Ningedanganya, mke wangu, nifeli?"

Akaendelea kumfunga bendeji taratibu, kwa upendo uleule wa siku zote.