Kiapo cha Bi Duma

Zama wanyama walipokuwa na mfalme na matarishi, Duma alikuwa mkimbiaji mkuu wa Simba, kazi ambayo kila mwenye miguu aliiota. Siku moja akaiacha. Akahamia pangoni peke yake, hana mume wala mtoto, akafuga konokono wawili, na moyo wake ukatulia.

Ndipo Mbweha, tarishi aliyejivunia usemi wa ikulu, alipoingia bila kupiga hodi.

“Simba anakutaka urudi mbioni, Bi Duma. Ukikataa, hawa nawasaga.” Akainua mguu juu ya konokono mkubwa, aliyekuwa akikatiza pangoni bila habari.

Duma akapima kwa macho. Ule mguu ulikuwa karibu mno na gamba. Hata mbio zake za zamani zisingeuwahi.

“Usimguse,” akasema. “Naapa. Kesho akifika kwenye lango la Simba, nami nitafika.”

Mbweha akacheka kwa dharau. “Upweke umekuharibia hata ulimi! Kesho haina miguu, Bibi. Haisemwi ‘akifika’, husemwa ‘ikifika’.”

“Nimeapa nilivyoapa. Unakipokea kiapo changu, hukipokei?”

“Nimekipokea.” Akashusha mguu pembeni, akatoka mbio kumpelekea mfalme habari njema.

Duma akangoja mpaka vumbi likatua. Kisha akalala kifudifudi, pua yake ikagusana na pembe za yule konokono mkubwa.

“Umesikia, Kesho?” akamnong'oneza. “Usijikimbize, mwanangu.”