Haroub Anyimwa Soketi

Haroub aliomba soketi moja tu, akanyimwa.

"Umeme wa kikundi ni wa wanamuziki," alisema Mzee Nyange, kiongozi wa taarab, bila kumtazama. "Wewe na hicho kisanduku chako tafuteni wenu."

Ukumbi wa Jadida ulikuwa umejaa tangu alasiri. Watu walicheka. Haroub alikaa kwenye kiti cha mwisho jukwaani, akaiweka sikwensa yake, kisanduku cha kupigia midundo, mapajani, akaiunganisha na spika ndogo ya betri.

Miaka kumi na minane alipiga fidla katika kikundi hiki. Kiharusi kilipoupoozesha mkono wake wa kushoto, walimwondoa kwa barua ya mistari miwili. Mkono wa kulia ulibaki mzima, naye akaufundisha kazi nyingine: vitufe kumi na sita, kila kimoja na pigo lake, akiviwasha na kuvizima huku muziki unakwenda.

Leo alikuja kudai kiti chake mbele ya watu.

"Sikilizeni!" Mzee Nyange aliutangazia ukumbi. "Tunafungua kwa bashraf mpya, haina mwimbaji, na huyu hajapata kuisikia. Akitufuata mpaka mwisho, kiti ni chake. Akipotea, asijiite tena mwanamuziki. Muziki hupigwa, bwana, hauwashwi!"

"Mwambie huyo!" Bi Mgeni alipaza sauti kutoka safu ya mbele. "Hata jiko langu la umeme lina vitufe!"

"Basi nialike siku moja, Bi Mgeni, nije nilipige," alisema Haroub.

Ukumbi uliangua kicheko, safari hii upande wake.

Akawageukia wenzake wa zamani: fidla kumi, udi, ganuni na kodiani. "Hamkazi nyuzi? Na joto lote hili?"

"Tumekaza nyumbani," alijibu mmoja, akitazama viatu vyake.

Mzee Nyange alimwashiria fundi mitambo kuwa wako tayari, na bashraf ikaanza. Ilikuwa safi ajabu. Haroub aliisikiliza duru moja, kisha akaingia: pigo zito, jingine jepesi, akaondoa la tatu, akazungusha swichi sauti ikafunguka. Aliwatupia mkato wa pigo, kama zamani, ili fidla zimjibu. Hazikumjibu. Akatupa mwingine. Zikapita kama hazikumsikia.

Wanataka nipotee, aliwaza. Sipotei.

Akaacha kuwauliza, akawafuata. Walipobadili mwendo ghafla, alizima vitufe vinne, akawasha viwili, akawa nao tena. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu. Mzee Nyange alikunja uso. Bi Mgeni alikuwa amekwishasimama, anapiga vigelegele.

Ilikuwa imebaki duru ya mwisho umeme ulipokatika. Mapangaboi yakasimama, spika kubwa za ukumbi zikazimika, na bashraf nayo.

Haroub hakusita. Pigo lake liliendelea kutembea ukumbini, wazi, zito, peke yake.

Aligeuka kuwatazama wenzake. Pinde kumi zilikuwa bado zinapanda na kushuka, na hakuna uzi hata mmoja uliolia.