Maombi ya Gerejini

"Hakuna mtu Minnesota nzima anayewajua hawa wadudu kama mimi," Jedidah alisema, kisha akamuuliza mwanawe kichwa kiko upande gani.

"Huo ni mkia, Mum," Alvin akasema. "Kichwa ni huku kwenye macho."

Wadudu wenyewe walikuwa krofishi, wale kamba wekundu wa mtoni wenye makucha, gunia zima, na bado wanatembea. Mwenzake wa kazini, mzaliwa wa Louisiana, alimwazima sufuria mbili ambazo ungeweza kumwogeshea mtoto wa shule, akamwandikia na idadi ya vijiko vya pilipili. Jedidah aliona ni vichache. Akaongeza.

Haikuwa siku ya kupika githeri, mahindi na maharagwe ya kila siku. Wazazi wa Kirezi walikuwa wanakuja Burnsville kutoka Saint Paul, kumwona kwa mara ya kwanza mama wa kijana anayetaka kumuoa binti yao. Na Kirezi alishasema wazi: Papa akikubali, ndoa ipo; Papa akikataa, haipo. Papa mwenyewe ni Mkongomani wa makamo, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka na Maandiko.

Jedidah alijiandaa. Alvin alikuwa amemwonya kwamba kwao Kirezi hawagusi nguruwe, kwa hiyo aliondoa soseji zote kwenye mapishi, akaosha kisu mara mbili, akajipongeza peke yake jikoni.

Sufuria ya kwanza ikamwagwa juu ya magazeti kwenye meza ya uani: kamba, mahindi, viazi, vitunguu saumu vizima vizima. Ya pili aliiacha gereji imefunikwa, iendelee kunywa viungo.

Mzee Anicet alifika na suti ya kijivu, ndevu zimechanwa. Mkewe Perpétue alivaa kitenge cha kwendea harusi za watu. Wakasalimiana vizuri, wakakaa na Kirezi katikati yao, wakaitazama meza. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mama Alvin," Anicet akasema taratibu, "hii iko na magamba?"

"Magamba gani, mzee?"

"Ya samaki. Na mapezi?"

Jedidah alimtazama mwanawe. Mwanawe alimtazama kamba.

"Mambo ya Walawi, kumi na moja," Perpétue akasaidia. "Ya ndani ya maji, kama haina mapezi na magamba, sisi hatukulaka. Hata kugusa, hapana."

Kirezi aliingiza vidole vyake chini ya meza, kana kwamba vilishawahi kugusa.

"Niliondoa nguruwe," Jedidah akasema kwa sauti ndogo.

"Tunashukuru, mama."

Anicet akainuka. Jambo hili, alisema, haliwezi kuamuliwa na mwanadamu mwenye njaa. Je, kuna mahali patulivu pa kuomba?

"Gereji, mzee," Alvin akasema. "Hakuna mtu."

Alikaa huko dakika ishirini. Jedidah na mwanawe walikula peke yao, kama watu walioko msibani. Aliporudi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Bado sijajibiwa," akasema. Akanywa glasi mbili za maji akiwa amesimama, akarudi gereji.

Perpétue aliutazama mlango kwa huruma. "Mtu huyu anabeba mzigo muzito. Acha nimusaidie."

Safari hii ilikuwa nusu saa. Mara moja Jedidah alisikia mtu akisema, "Ee Bwana," polepole, kwa sauti ya aliyeguswa kweli.

Alvin aliacha kula. "Mum, ungepika tu kuku."

"Ungeniambia mapema."

"Mimi nilifikiria ni nguruwe peke yake."

Wawili wale walipotoka, nyuso zao zilikuwa zimelowa jasho. Anicet alisimama mbele ya meza, akavua miwani.

"Bon. Nimeomba mara mbili, ya pili na mke wangu. Binti yetu ni mtoto wa nyumba safi. Sasa, nyumba yenye inakula vitu kama hivi..." Akafuta jicho kwa kidole. "Siwezi kumutoa. Jibu ni hapana."

Hapo akaanza kulia. Alifuta jicho la pili, machozi yakazidi. Perpétue, kwa kumwona mumewe katika hali ile, naye akajifuta, naye akalia kumpita. Kirezi akakimbilia gereji akalie peke yake. Alvin akalaza kichwa mezani, katikati ya maganda.

Jedidah alikuwa na miaka kumi na tisa ya unesi. Ameona watu wakilia kwenye korido, wakilia kwenye simu, wakilia kwenye lifti. Hakuwahi kuona mtu akikataa posa kwa uchungu wa namna hiyo. Alimsamehe papo hapo, akaleta jagi la maji na taulo.

"Pole, mzee. Najua kumkatalia mtoto si rahisi."

"Ni uchungu wa muzazi, mama," Anicet akasema, macho ameyafumba, uso ameuinua. "Mwaga maji tena kidogo."

Jedidah akammwagia.

Mlango wa gereji ukafunguka. Kirezi alisimama pale na kifuniko cha sufuria mkononi, na hakuwa analia.

"Papa," akasema, "huku kumebaki mahindi na viazi tu."

Perpétue aliacha kulia ghafla, ila machozi yake hayakuacha.

"Hii gereji," Anicet akasema, macho bado ameyafumba, "iko na mapanya."

"Pole sana, mkwe," Jedidah akasema, na kwa ncha ya taulo akamtoa kamguu kekundu kwenye ndevu.