Mbwa wa Hamood

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, mbwa wa Hamood alikataa kubweka. Ilyasi fundi akachukua bisibisi, akampasua tumbo.

"Fusible imeungua tena," akasema, akichomoa fyuzi nyeusi kama mkaa.

Mbwa mwenyewe alikuwa mashine mbili. Chumbani kwa Hamood, kando ya kitanda, kulikuwa na risiva yenye mdomo wa kaseti. Nje, ndani ya kabati la veranda, kulikuwa na ampli, dude zito la kutoka Dubai, na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa shule. Kaseti ilijaa kubweka kutupu, pande zote mbili. Hamood alitaka jambo moja tu: abonyeze risiva akiwa chumbani, ampli iwake yenyewe huko veranda, mwizi akimbie.

"Uiache tu iwake siku yote, mzee," Ilyasi akajaribu.

"Ingurume kama jenereta? Mwizi atajua iko mashine. Apana. Ilale, halafu iamuke pamoja na risiva."

Mwaka ule wa vita, wezi wa mtaa wa Kigobe hawakuja usiku. Usiku kulikuwa na couvre-feu, amri ya kutotoka nje, na askari hawakumuuliza mtu jina. Walikuja Ijumaa adhuhuri, nyumba za Waislamu zikiwa tupu, watu wameshuka mjini msikitini. Majirani wawili walikuwa wameshalizwa. Na Hamood, kwa kuogopa risasi za mjini, alikuwa amehamishia nyumbani mali yote ya duka, marobota ya vitenge, kitu pekee alichoachiwa na embargo, ile marufuku ya biashara na nchi za nje. Yakiibwa, hakuna duka, hakuna harusi ya binti yake Nura, na yeye na mvi zake aanze kuuza karanga barabarani.

Mbwa wa kweli alikuwapo. Jirani yake, Sylvère, alimpa jibwa jeusi liitwalo Komando, lenye sauti ya kutikisa mabati. Halikumaliza wiki. Karimu, mchumba wa Nura, alifika kusalimia, akaliona getini, akarudi nyuma ameshika pindo la kanzu.

"Baba, mi siwezi kuingia mu nyumba yenye imbwa," alisema. "Malaika hawaingie mule."

"Lakini wezi, mwanangu?"

"Wezi tuwaachie Mungu."

Hamood aliona haya. Kijana mwenyewe alikuwa wa mstari wa kwanza msikitini, tasbihi haimtoki mkononi. Hata marobota yale, ni yeye aliyeyabeba mgongoni mpaka stoo bila kuombwa. Nura alimpenda mpaka akawa anacheka peke yake jikoni. Basi Komando akarudishwa kwa mwenyewe jioni ileile, na Hamood akabaki na usingizi wa kushtuka-shtuka.

Ndipo Ilyasi akaenda kwa Sylvère na kinasa sauti na mfupa wa ng'ombe. Alimwonyesha Komando mfupa bila kumpa, mpaka kaseti ikajaa matusi.

"Karimu asijue," Hamood akawaonya mkewe na binti yake. "Atasema hata sauti yake iko haramu."

Sasa kazi ilibaki kwenye waya. Nyuma ya risiva palikuwa na tundu la plagi, linalotoa umeme risiva inapowashwa. Ilyasi alikuwa ameichomeka ampli hapo, na kila mara fusible iliungua.

"Ampli inakula courant mingi," akaeleza, akigusa waya wa umeme uliopata moto. "Risiva iko mutoto, haiwezi kumulisha mukubwa."

Akatoa mfukoni relais, kidude cha ukubwa wa kiberiti alichokinyofoa kwenye mashine mbovu ya kufulia. Risiva ingemwamsha huyo mdogo tu, naye ndiye angeifungulia ampli umeme wa ukutani.

Hamood akabonyeza. Veranda ikasema tk. Kisha Komando akabweka hivi kwamba kuku wa Sylvère waliruka ukuta, na Nafisa, mke wa Hamood, aliyejua kila kitu tangu mwanzo, akapanda juu ya kiti. Hamood alicheka mpaka akatoka machozi. Usiku ule alilala kama mtu asiye na duka.

Ijumaa ilipofika, goti lilimkatalia. Hakushuka mjini. Nafisa na Nura wakabaki naye, geti limefungwa, mapazia yameshushwa kwa ajili ya joto. Adhuhuri, wakiwa chumbani, wakasikia mtu akitua uani. Kisha kufuli la stoo likavunjwa.

Nura akamkamata mama yake mkono. Hamood alitabasamu. Akabonyeza.

Tk.

Ikatoka sauti ya sheikh, nzito, ya polepole, ikiomba dua.

Hamood akageuka kumtazama mkewe.

"Leo iko Ijumaa," Nafisa akanong'ona. "Mi niliona aibu, imbwa ilie siku ya Ijumaa. Nikaweka kaseti ya dua."

"Na wezi wanakujaka siku gani, Mama Nura?"

Hamood akakaa kitandani, mikono kichwani, akiyaona marobota yake yanaondoka moja moja. Alitamani kulia.

Lakini huko stoo kulikuwa kimya. Robota lililokuwa likiburutwa lilikuwa limesimama. Dua ilijaa uani kote, vioo vya madirisha vikatikisika: "Ewe Mola wetu, tuhifadhi sisi, na watu wetu, na mali yetu."

Na kutoka ndani ya stoo, taratibu, kwa adabu zote, sauti ya Karimu ikaitikia: "Aamiin."